Sentimita Kumi na Mbili

Mwalimu Kabatesi hakuweza kuvumilia kosa la hesabu likae kwenye karatasi hata dakika moja. Wanafunzi wake wa sekondari kule Nyundo walilijua hilo, na walimu wenzake walimtania kwamba hata ratiba ya harusi huisahihisha kwa kalamu nyekundu kabla ya kuketi. Ni tabia hiyo iliyomfanya Mzee Donat, rais wa klabu ya mpira wa kikapu ya Mawimbi, amfuate kumwomba aitazame timu yake. Na ni tabia hiyohiyo inayomkosesha raha mpaka leo.

Mawimbi walikuwa wamefungwa mechi tisa kati ya kumi. Pale Gisenyi, madereva wa moto, zile pikipiki za abiria, walishaanza kuwaita Sambaza, kwa jina la vile visamaki vya ziwa Kivu, kwa kuwa kila timu iliyokuja iliwazoa. Donat, mwenye hoteli ufukweni na shingo isiyopenda kuinama, hakulala vizuri kwa aibu. Alimweleza Kabatesi kwamba ugonjwa wa timu uko kwa magadi, wale wanaoleta mpira mbele na kuwagawia wenzao. Walikuwa wawili, Jado na Rugwiro, na kila mtu aliona kwamba hawaendani. Gadi mwingine hodari, Nziza, alikuwa tayari kuhamia kutoka Kigali, ila orodha ilikuwa imejaa. Ilibidi mmoja wa wale wawili aondoke kabla ya Ijumaa saa sita mchana, usajili utakapofungwa. Kocha Kimenyi aliwafundisha wote tangu wakiwa wadogo, na alikiri waziwazi kwamba hawezi kumchinja yeyote. Kwa hiyo kisu akapewa Kabatesi.

Hakikumtisha. Alizaliwa na kukulia Karagwe, upande wa Tanzania, akachezea timu ya mkoa kama gadi mpaka goti lilipomkataa. Wazazi wake waliporudi Rwanda alirudi nao, na miaka yote hii Kinyarwanda chake bado kilikuwa na lafudhi ya kule, ndiyo maana vijana wa Gisenyi walimzungumzisha Kiswahili. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, na aliamini kwa moyo wote kwamba mchezaji anaweza kudanganya macho lakini hawezi kudanganya hesabu.

Mechi tatu alikaa juu kabisa kwenye ngazi za saruji, daftari la miraba mapajani. Kila mpira uliopotea aliuandika: dakika gani, nani, upande gani. Hakushangilia, hakuzomea. Wachuuzi wa karanga walizoea kumpita bila kumuuliza kitu.

Alichokiona kwa Rugwiro kilimtia hasira. Kijana alikuwa na mwili wa kutosha, mbio, na mikono mirefu, lakini alicheza kana kwamba anagombana na mwenzake. Jado akiwa na mpira, mara kwa mara Rugwiro aliacha nafasi yake, akaja mbio, akaudai mpira ule au akaunyakua kabisa mikononi mwa mwenzake. Kisha akautupa ovyo, ukaenda kwa maadui au nje. Mipira ishirini na minne katika mechi tatu. Kabatesi hakuwahi kuona gadi anayemwibia mtu wa timu yake mwenyewe.

Jado alikuwa kitu kingine. Mfupi, mwembamba, mtoto wa wavuvi wa sambaza, mwenye kuona pasi kabla hata anayepewa hajajua kwamba yuko huru. Alikuwa na kasoro moja tu, ndogo: katikati ya mchezo alipenda kuinama kufunga kamba za viatu. Kabatesi, ambaye hakuacha kitu bila kukiandika, alikiwekea alama ya herufi k pembeni. Alidhani ni ujanja wa kupumzika. Hata yeye enzi zake aliwahi kuutumia.

Kimenyi alipoulizwa kuhusu Jado alisema machache. Baba yake, alisema, alifia majini. Si kwamba alizama, hapana: alikuwa anapiga kasia na wenzake kwenye ile mitumbwi mitatu inayofungwa pamoja, wanaimba, na katikati ya wimbo akainamisha kichwa. Wenzake walidhani anakohoa. Watu walisema ni sumu, wengine wakasema mambo mabaya zaidi kuhusu majirani. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Kabatesi alisema pole, kisha akarudi kwenye takwimu zake, maana alikuwa hajaombwa kuwapima marehemu.

Jumatano Donat alimletea faili la wachezaji ili achukue urefu na uzito wao. Humo mlikuwa na vyeti vya daktari, kwa kuwa mwezi wa kwanza kila mchezaji alitakiwa kupimwa moyo kabla ya kuandikishwa. Vilikuwa vya Kifaransa, muhuri safi, sahihi safi. Kabatesi alikaa navyo mezani kwake Nyundo, mvua ikipiga bati, akawa anahamisha namba moja baada ya nyingine. Rugwiro: mita moja na sentimita themanini na sita, mapigo ya moyo hamsini na moja kwa dakika. Jado: mita moja na sentimita themanini na sita, mapigo hamsini na moja.

Alicheka peke yake. Jado huyu, ambaye akisimama karibu na Rugwiro unaona tu kifundo cha nywele, awe na themanini na sita? Karani kalala, akasema, kanakili mstari wa juu yake. Alimpigia simu Kimenyi akaambiwa ni sabini na nne. Basi akachukua kalamu nyekundu, akaikata ile themanini na sita kwa mstari mnyoofu, akaandika sabini na nne juu yake, akatia na herufi za jina lake kama anavyofanya kwenye mitihani. Aliona raha ile ndogo anayoiona kila anapopata kosa la mtu. Mapigo ya moyo hakuyatazama mara ya pili.

Ripoti yake ilikuwa ya kurasa nne. Alhamisi jioni ilikuwa kwa Donat, na Ijumaa asubuhi jina la Rugwiro lilikuwa limetoka kwenye orodha.

Siku hiyohiyo, wakati wa mapumziko ya saa nne, Rugwiro alimfuata shuleni. Alisimama nje ya ofisi ya walimu na kofia ya moto mkononi, akalowa manyunyu bila kujikinga. Kabatesi alimkaribisha ndani akakataa. Alijiandaa kusikia maombi, pengine matusi, na majibu ya vyote viwili alikuwa nayo.

"Mwalimu, sikuje kulilia nafasi," Rugwiro alisema. "Mi nimetoka, iko sawa. Ila Jado akiinama kufunga viatu, mutu amupokee mupira palepale. Na musimurudishie mpaka asimame yeye mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Muambie Nziza tu vile."

"Rugwiro, nimekuuliza kwa nini."

Kijana alitazama kofia yake. Alikuwa na uso wa mtu aliyebeba kitu kizito na kuambiwa asikitue.

"Niliapa, Mwalimu," alisema. "Siwezi sema."

Kabatesi alikasirika, na tusimfiche. Aliona mtoto mjanja anayetaka kugeuza makosa yake ishirini na manne yaonekane huduma. Alimwambia, kwa sauti ile inayonyamazisha darasa zima, kwamba kiapo si hesabu, na kwamba mchezaji asiyeweza kueleza anachokifanya hawezi kudai kwamba alikuwa na sababu. Rugwiro aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi aliyefeli. Alivaa kofia yake, akawasha pikipiki yake, akateremka kuelekea mjini. Kabatesi alifikiri kidogo kumpigia Nziza, kisha kengele ikalia, na rundo la madaftari lilikuwa linamsubiri.

Jumapili saa tisa alasiri uwanja ulijaa hadi kwenye ua wa waya. Mawingu yalikaa chini, mlima wa ng'ambo hauonekani, na ziwa lilikuwa limetulia mno, rangi ya sufuria kuukuu. Donat alimlazimisha Kabatesi akae naye mstari wa mbele. Mzee mwenyewe alivaa suti. Alikuwa ameshawaambia wageni wake wote kwamba leo wataona kazi ya mwalimu huyu.

Wachezaji walipokuwa wakipasha misuli moto, Jado alipiga goti mbele yao kabisa, akafunga viatu vyake. Kabatesi alimwona akivuta kamba kwa nguvu, akapiga fundo, akapiga la pili juu yake, kisha akachomeka ncha zake ndani. Fundo la namna ile hulifungui bila meno. Alilitazama, likapita.

Mchezo ulianza, na kwa dakika kumi kila neno la ripoti lilikuwa kweli. Nziza alikimbia, Jado akampa, Nziza akafunga. Hakuna aliyemnyang'anya mwenzake mpira. Mawimbi waliongoza kwa alama nane, jambo ambalo halikuwahi kutokea mwaka ule, na wale madereva wa moto waliokuja kucheka wakawa wamesimama juu ya viti vya pikipiki zao wakipiga honi. Donat alimshika Kabatesi bega. Kabatesi aliona fahari, na kwa nini asione.

Dakika ya kumi na mbili Jado aliinama kufunga viatu. Nziza, aliyekuwa na mpira, alimsubiri nusu sekunde kisha akamrushia hivyohivyo. Jado akaudaka akiwa bado ameinama, akanyanyuka, akakimbia. Kabatesi akaandika k. Kalamu ikabaki hapohapo juu ya karatasi.

Fundo lile halikufunguka. Lisingeweza kufunguka.

Alirudisha kurasa nyuma, kwa haraka sasa, mpaka kwenye mechi za Rugwiro. Kidole kimoja kwenye safu ya mipira iliyopotea, kingine pembeni kwenye zile k ndogo. Dakika ya saba, k. Dakika ya saba, Rugwiro kanyakua mpira. Dakika ya kumi na tano, k. Kumi na tano, Rugwiro. Ishirini na mbili, ishirini na mbili. Kati ya mipira ishirini na minne, ishirini na mmoja ilikaa sambamba na kamba za viatu vya Jado. Kumbe hakuwa anamwibia mwenzake. Alikuwa anampokea mzigo, popote alipo, kwa namna yoyote, halafu anautupa kokote uendako ili mchezo usimame.

Kabatesi aliliacha daftari. Faili lilikuwa ndani ya mkoba wake. Alikitoa cheti cha Jado, akaisoma ile hamsini na moja, akakitoa cha Rugwiro, akaisoma hamsini na moja nyingine. Karani hakulala hata kidogo. Karani aliandika urefu wa mtu aliyesimama mbele yake. Mtu aliyelala kwenye kile kitanda cha daktari mwezi wa kwanza, akabandikwa nyaya kifuani na kuitikia jina la Jado, alikuwa Rugwiro. Na baba yake Jado aliinamisha kichwa katikati ya wimbo.

Zilibaki dakika tano kufika mapumziko.

Hapa ndipo Kabatesi hujirudia kila siku, na hajawahi kupata jibu linalomridhisha. Kimenyi alikuwa hatua sita kutoka alipokaa. Angeweza kusimama, kumgusa bega na kumwambia mtoe Jado. Lakini Mawimbi walikuwa wanaongoza. Kimenyi angeuliza sababu, naye angelazimika kusema mbele ya benchi zima, mbele ya Donat na wageni wake, kwamba kuna cheti cha uongo; vijana wawili wangefungiwa, klabu ingepokonywa hata ile mechi moja iliyoshinda, na ripoti ya kurasa nne ingekuwa karatasi ya kufungia maandazi. Na kama amekosea? Si afadhali amwite Jado pembeni wakati wa mapumziko, amuulize kwa utaratibu, kama watu wazima. Dakika tano tu. Alijiambia hivyo akaona ni busara, na alipojiambia mara ya pili alijua kwamba ni woga.

Akaanza kutazama saa ya ubaoni. Nne. Jado alipiga pasi ya nyuma ya mgongo, watu wakalipuka. Tatu na nusu. Aliinama tena, na safari hii mkono wake mmoja haukwenda kwenye kiatu bali ulishika goti. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Kabatesi alisimama. Donat akamvuta gauni akimwambia akae, anawaziba wageni. Alikaa. Naam, alikaa, sekunde tatu au nne, kisha akasimama tena na kumwita Kimenyi, lakini honi zilikuwa juu na sauti yake ya darasani haikufika kokote.

Nziza alimrushia Jado mpira. Jado akaingia katikati ya watu wawili warefu, akaruka, akafunga. Alitua vizuri kwa miguu yote miwili. Kisha akainama kufunga viatu, na uwanja mzima ukamsubiri anyanyuke, kwa kuwa ndivyo alivyofanya siku zote.

Wa kwanza kumfikia hakuwa daktari wala kocha. Alikuwa mtu aliyeruka ua wa waya na kofia ya moto kichwani, akachanika mkono na asijue.

Hospitali hawakuwaweka sana. Daktari alitoka baada ya nusu saa akiwa anavua glavu polepole, na kabla hajasema kitu Kimenyi alishakaa chini sakafuni. Moyo, alisema daktari. Aliuliza kama kijana aliwahi kupimwa. Donat alijibu upesi kwamba walipimwa wote, karatasi zipo, klabu ilifanya kila kitu kwa utaratibu. Kabatesi alikuwa na faili mapajani. Hakulifungua.

Rugwiro alisimama mlangoni, kitambaa kimefungwa mkononi, haingii wala hatoki. Kabatesi alimwendea. Alitaka kumwambia kwamba amejua, kwamba hesabu zimekaa sambamba, na aliona jinsi maneno hayo yalivyochelewa.

"Aliogopa wasimuache acheze," Rugwiro alisema kwa sauti ya chini, akitazama sakafu. "Akaniambia, nenda wewe, nifanyie tu siku moja. Mi nikaenda."

Mama yake Jado alifika akitembea. Aliitwa Drocella, muuza samaki, magamba bado yako kwenye kitenge chake na mikononi, na watu walimpisha. Aliingia kule ndani, akakaa humo muda. Alipotoka hakuwa analia. Aliwatazama mmoja mmoja mpaka akafika kwa Kabatesi, akaja kukaa karibu naye kwenye benchi.

"Ni we mwalimu wa hesabu," alisema. "Jado alikuwa anakusemaka."

"Ndiyo, mama."

"Baba yake alienda hivihivi. Mi nilimukataza mupira, nikamukataza kabisa. Mwezi wa kwanza akaniletea hii." Alifungua fundo la kitenge kiunoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye harufu ya ziwa. "Akasema, mama, ona, wamenipima, moyo yangu iko muzima. Ndiyo nikamuachia. Ni Kifaransa, mi sijui kusoma. Munisomee."

Ilikuwa nakala ileile, muhuri safi, sahihi safi, ila hii haikuwa na wino mwekundu. Kabatesi aliishika kwa mikono miwili. Alisoma jina. Alisoma tarehe. Alisoma kwamba mapigo ni hamsini na moja kwa dakika na kwamba hakuna kasoro yoyote. Akaishia hapo.

"Endelea," Drocella alisema. "Hapo chini iko nini?"

Mlangoni Rugwiro alikuwa amefumba macho. Kabatesi angeweza kusema sabini na nne. Namba hiyo aliijua, alishaiandika mara moja kwa mkono wake, na mama huyu asingegundua tofauti. Safari hii aliisoma kama ilivyoandikwa.

"Urefu," alisema. "Mita moja na sentimita themanini na sita."

Drocella hakuwa mtu wa sentimita. Aliuliza hiyo ni kufika wapi, na Kabatesi, ambaye hakuwa na namna nyingine ya kumweleza, alinyanyuka, akanyoosha mkono juu, kidogo kupita kichwa chake mwenyewe, akauacha pale hewani. Mama aliutazama mkono ule.

"Hapana," alisema. "Jado alikuwa anafika hapa." Akaweka kiganja juu kidogo ya kichwa chake.

Kisha akageuka kuelekea mlangoni, akamtafuta yule rafiki wa mwanawe aliyekula kwake miaka yote, na ili amwone usoni ilibidi anyanyue macho.